Aya za Uumbaji na Nadharia Zisizokwisha: Uhakiki wa Hoja ya "Sayansi Imethibitisha"

 

Ipo hoja ambayo kwa miaka mingi imeenea katika mihadhara, kanda, vijitabu na hata khutba za Ijumaa katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Hoja yenyewe ni kwamba wanasayansi wa leo, kwa darubini na hesabu zao, wamegundua yale yale yaliyotajwa na Qur'ani karne kumi na nne zilizopita: kwamba ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu (Al-Anbiyaa, 21:30), kwamba unaendelea kupanuka (Adh-Dhariyat, 51:47), na kwamba zimo ndani yake nyota zilizogeuka mashimo meusi (At-Takwir, 81:15-16). Mhadhiri akifika hapo, takbira inapigwa, naye huendelea na aya nyingine. Katika mihadhara ya mlingano wa dini hoja hii imekuwa miongoni mwa silaha za mwanzo kuchomolewa.

Makala hii ni uhakiki wa hoja hiyo. Hatuhakiki Qur'ani, tunajilinda kwa Allah na hilo, wala hatuhakiki nia za ndugu zetu wanaoitumia. Tunauliza jambo moja tu: je, hoja hii inasimama kwa mizani ya zile elimu mbili zinazodaiwa kukutana ndani yake, yaani elimu ya tafsiri na elimu ya fizikia? Ile ya kwanza tumeisomea. Ya pili tumeifuata kwa kusoma na kuwauliza walimu wake.

Asili ya hoja si ya hapa kwetu. Mwaka 1976 tabibu wa Kifaransa, Maurice Bucaille, alitoa kitabu chake kuhusu Biblia, Qur'ani na sayansi, na kikasambaa katika nchi za Kiislamu haraka sana. Lakini mkondo huo ulikuwepo Misri kabla yake. Tafsiri iitwayo Al-Muntakhab, iliyotayarishwa Misri na jopo la wanachuoni, iliweka pembeni mwa baadhi ya aya maelezo ya wataalamu wa sayansi. Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani (1919-2006), Allah amrehemu, alipoleta kwa Kiswahili tarjama yake iliyojengwa juu ya Al-Muntakhab, maelezo hayo nayo yakaingia katika lugha yetu. Wengi waliozoea Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969, waliona hapo ladha mpya. Tarjama ya Sheikh Ali Muhsin ni hazina, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyekinywea maziwani. Hata hivyo, maelezo ya pembeni si aya, na wala si kauli iliyopokewa kutoka kwa sahaba. Ni rai za wataalamu wa zama fulani. Tatizo lilianza pale wahadhiri walipoyachukua yale ya pembeni wakayapandisha juu ya mimbari kana kwamba ndiyo maana ya aya yenyewe.

Tuanze na lugha. Katika aya ya 30 ya Al-Anbiyaa yamo maneno mawili, ratq na fatq. Ratq ni kitu kilichozibana, kilichoshonwa pamoja. Fatq ni kukipasua au kukifumua. Vijitabu vinasema ratq ni ile hali ya kwanza kabla ya Mlipuko Mkuu, na fatq ndiyo mlipuko. At-Tabari (aliyefariki mwaka 310 Hijria) amepokea humo kauli zaidi ya moja. Wapo waliosema mbingu na ardhi zilikuwa zimegandana kisha zikatenganishwa. Wapo waliosema mbingu ilikuwa imezibwa hainyeshi, na ardhi imezibwa haioteshi, kisha Allah akaifungua ile kwa mvua na hii kwa mimea. Hii ya pili ndiyo aliyoipa nguvu At-Tabari, na dalili yake ni nzuri sana: mara tu baada ya hapo aya inataja maji na uhai. Msomaji wa vijitabu hapati hata harufu ya kauli hii. Anapewa maana moja, kisha anaambiwa kuwa haikuweza kujulikana kabla ya karne ya ishirini.

Na hata tukishika ile kauli ya kwanza, bado hesabu haikubali. Wanafizikia wanasema Mlipuko Mkuu ulitokea miaka bilioni 13.8 iliyopita, na ardhi hii ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Basi wakati wa mlipuko hapakuwa na ardhi ya kuungana na mbingu. Atakayesema kuwa kinachokusudiwa ni mata ambayo baadaye ilikuja kuwa ardhi, ameshaondoka kwenye dhahiri ya lafudhi na kuingia katika taawili, na taawili ina masharti yake.

Neno la 51:47, musi'un, nalo lina habari zaidi ya ile inayotangazwa. Asili yake ni wus', yaani uwezo na wasaa. Neno hilo hilo katika umoja limo katika Al-Baqara, 2:236, likimsifu mume mwenye uwezo anayempa kitulizo mke aliyemtaliki. At-Tabari ameikumbusha aya hiyo anapofasiri hii ya Adh-Dhariyat: Mwenye wasaa, Mwenye uwezo wa kuumba. Ibn Kathir ameelekea kwenye maana ya kuzifanya pande za mbingu kuwa pana. Hatusemi kwamba maana ya "tunaendelea kuipanua" ni muhali. Ism faa'il kwa Kiarabu hubeba jambo linaloendelea, na mwenye kuitaja maana hiyo kama uwezekano mmojawapo hatutamlaumu. Tunayemlaumu ni anayezificha nyingine mbili ili yake ionekane muujiza.

Hebu sasa tuingie upande wa pili, maana huko ndiko kwenye mambo yasiyosemwa kabisa mimbarini.

Mwaka 1917 Einstein alipoutumia msingi wa nadharia yake kuueleza ulimwengu wote, aliongeza kigezo katika milinganyo yake ili ulimwengu utulie, usipanuke wala usisinyae, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa rai ya wakati huo. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Kibelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, alionyesha kuwa unapanuka, na mwaka 1929 vipimo vya Edwin Hubble juu ya galaksi za mbali vikaipa nguvu rai hiyo. Lau mhadhiri wetu angeishi mwaka 1917 na kushika kanuni yake ya leo, angelazimika kuifasiri aya kwa ulimwengu uliotulia, na takbira zingepigwa vile vile.

Kupanuka kwenyewe leo hakuna mwanafizikia mkubwa anayekukataa. Swali ni kwa kasi gani, na kwa sababu gani. Wakipima kwa mnururisho wa kale uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, wanapata kilomita 67 hivi kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, ambayo ni umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Wakipima kwa nyota na milipuko ya nyota iliyo karibu zaidi, wanapata 73 hivi. Makosa ya vyombo hayatoshi kueleza tofauti hiyo kwa wepesi, na darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, haijalimaliza suala. Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba kasi ya kupanuka inazidi kuongezeka, na kisababishi kikapewa jina la nishati ya giza. Jina hilo ni la kusitiri, kwa sababu hakuna aliyesema ni kitu gani. Kwa hesabu zao, nishati hiyo ni takriban asilimia 68 ya vyote vilivyomo, mata ya giza ni asilimia 27, na haya tunayoyaona na kuyagusa, pamoja na nyota zote, ni asilimia 5 tu. Kisha mwaka 2024 na tena 2025, vipimo vya mradi uitwao DESI vikaleta dalili, ambazo bado si uthibitisho, kwamba nishati hiyo huenda si thabiti bali inadhoofika kadiri muda unavyokwenda.

Hapa Songea, kijana mmoja wa kidato cha sita anayehudhuria darsa zetu baada ya Magharibi alisoma habari hizo na kutuletea swali. Alisema: "Sheikh, tulifundishwa kuwa 51:47 imethibitishwa na sayansi. Wakija kusema kupanuka kutasimama, aya itakuwa imefanywaje?" Swali hili halikutoka kwa mpinzani wa dini. Limetoka kwa kijana aliyewaamini wahadhiri. Yeye hakuijenga nyumba juu ya mchanga, alijengewa. Na ndiyo sababu tumeona uhakiki huu si wa anasa.

Wapo watakaomjibu kijana huyo kwamba ulimwengu ukirudi kusinyaa, ipo aya ya 104 ya Al-Anbiyaa, inayotaja mbingu kukunjwa, na sayansi itakuwa imethibitisha hiyo. Tumeshawasikia wakiiweka akiba. Lakini hoja inayoshinda ulimwengu ukipanuka, na inayoshinda pia ukisinyaa, haikushindana na kitu.

Mwanzo wenyewe nao ni suala lililo wazi. Watu hudhani Mlipuko Mkuu ni tukio lililoonwa. Kilichothibiti ni kwamba ulimwengu ulikuwa wa moto mkali na uliobanana mno, na mnururisho ulionaswa na Penzias na Wilson mwaka 1964 ni masalio yake. Wakizidi kurudi nyuma hadi ile nukta ya kwanza, milinganyo ya Einstein inavunjika, na fizikia ya kwanta inayopasa kushika usukani hapo bado haijaunganishwa na nadharia yake. Wapo wanaodhani kulikuwa na ulimwengu mwingine uliosinyaa kabla. Wapo wanaosema neno "kabla" lenyewe halina maana. Basi mwenye kusema "sayansi imethibitisha kuwa ulimwengu una mwanzo" amewasemea wanasayansi jambo ambalo wao wenyewe wanalijadili.

Inafaa tukumbuke yaliyowapata wenzetu. Novemba 1951 Papa Pius wa 12 alitoa hotuba akiihusisha nadharia hii na imani ya kuumbwa. Aliyesikitishwa ni Lemaître, padri mwenyewe na mwenye nadharia yenyewe. Yeye aliona nadharia ibaki nadharia, imani ibaki imani, na akashauri kwamba jambo hilo lisirudiwe. Ajabu ni kwamba padri aliogopa kwa ajili ya dini yake kile ambacho baadhi yetu tunakikimbilia.

Maulamaa wetu hawakuingojea darubini. Imam Al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria) alijadili kuzuka kwa ulimwengu katika Tahafut al-Falasifa kwa hoja za akili, na Ibn Rushd akamjibu. Ibn Rushd alifika mpaka kusema katika Fasl al-Maqal kwamba dhahiri ya aya kama Hud, 11:7, inayotaja Arshi na maji, haisemi waziwazi kwamba hapakuwa na chochote kabla. Hatushiki rai yake, na jamhuri ya maulamaa hawakuishika. Tunaitaja ili ijulikane kuwa suala lina mizizi ndani ya vitabu vyetu, na aliyelirahisisha kwa sentensi moja ya kijitabu amewanyima wanafunzi urithi wao.

Fizikia ya kwanta imeleta mtihani mwingine, na humu ndimo tunamoona maneno mabovu zaidi. Inasemwa kwamba chembe mbili zilizofungamana, hata zikiwa mbali mbali, moja ikipimwa nyingine hulingana nayo papo hapo, na kwa hiyo sayansi imethibitisha namna dua inavyofika, au namna roho zinavyokutana. Ufungamano huo ni kweli. John Bell alionyesha mwaka 1964 namna ya kuupima, na Aspect, Clauser na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa majaribio yao. Lakini nadharia hiyo hiyo inaeleza kwamba hauwezi kutumika kupeleka ujumbe wowote. Anayesema dua inasafiri kwa njia hiyo amekosea fizikia, na amekosea itikadi zaidi, kwa kuwa amemfanya Msikivu, Mjuzi, awe mhitaji wa waya. Ama maana ya kwanta yenyewe, yaani nini hasa kinatokea chembe inapopimwa, wenye fani hawajakubaliana. Mwaka 2025 jarida la Nature liliwauliza wanafizikia zaidi ya 1,100, na majibu yao yakatawanyika.

Kuna kishawishi kizuri zaidi cha upande huu, na tunakiri kuwa kinavutia. Ash'ari walisema mwili unaishia kwenye chembe isiyogawanyika, jawhar fard, na Al-Ghazali katika suala la 17 la Tahafut alisema kwamba moto na kuungua kwa pamba havina ulazima wa kiakili baina yao. Ni ada aliyoipitisha Allah. Leo wanafizikia wanasema elektroni haina sababu moja inayoilazimisha kuonekana hapa badala ya pale. Je, si hayo hayo? Hapana, si hayo hayo. Al-Ghazali alikuwa akizungumzia uhuru wa Muumba katika kila tukio, lenye kutabirika na lisilotabirika. Fizikia inazungumzia hesabu ya uwezekano katika vitu vidogo, na nyingine katika rai zake, ile ya David Bohm ya mwaka 1952, inairudisha sababu kamili. Tukimvika Al-Ghazali kanzu ya Heisenberg, siku Bohm atakaposhinda itabidi tumvue hadharani.

Kosa la aina hiyo limewahi kutokea. Zama za kati wapo waliochukua elimu ya falaki ya Kigiriki, yenye sayari saba zikiwemo jua na mwezi, wakazilinganisha na mbingu saba, kisha wakasema Kursi ni falaki ya nane na Arshi ni ya tisa. Ibn Kathir ameigusa rai hiyo katika Ayatul Kursi na kutaja kwamba wapo walioikataa. Ilikuwa ndiyo sayansi iliyothibiti ya siku zao. Leo hakuna mwanafunzi anayeijua isipokuwa kama kichekesho, na Uranus iligunduliwa mwaka 1781. Ni kweli Fakhruddin Ar-Razi (aliyefariki 606 Hijria) aliijaza tafsiri yake falaki na tabia za vitu, na wenzetu humtolea ushahidi. Lakini Ar-Razi hukuwekea rai tano na hoja zake, kisha huipinga ya nne. Huyo hafanani na mwenye kijitabu cha kurasa ishirini. Naye Ash-Shatibi (790 Hijria), katika Al-Muwafaqat, aliikataa njia hiyo yote, akisema Qur'ani isibebeshwe elimu ambazo walioteremshiwa kwanza hawakuzifahamu kutoka humo.

Ama mashimo meusi, wengi hawajui kuwa mlango wake mmoja ulifunguliwa kwenye pwani yetu. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei ya angani, nayo ikaitwa kwa Kiswahili: Uhuru. Vipimo vyake juu ya Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wataalamu kuwa hapo pana shimo jeusi. Hilo ni jambo la kufundisha katika madrasa zetu kwa fahari. Lakini kusema kwamba al-kunnas ya At-Takwir ndiyo mashimo hayo ni jambo jingine. Kutoka kwa Ali (r.a.) imepokewa kuwa ni nyota zinazojificha mchana na kuonekana usiku, kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.), kuwa ni ng'ombe wa mwituni. Na kitu kisichoonekana na binadamu yeyote kilikuwaje kiapo chenye kuwagusa watu wa Makka?

Wanaoitetea hoja hii wana jibu moja lenye uzito: inawavuta watu katika dini. Hili ndilo limetufikirisha zaidi. Basi tutazame lililotokea Madina mwaka wa 10 Hijria. Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.) na Bi Maria, alifariki, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Hapakuwa na fursa ya da'awa kubwa kuliko hiyo: mbingu zenyewe zikimlilia mtoto wa Mtume, na watu wako tayari kuamini. Mtume (s.a.w.), naye akiwa na msiba kifuani, aliwaswalisha, kisha akawahutubia na kuwakatalia. Jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Aliukataa ushahidi uliokuwa na faida kwake kwa sababu haukuwa wa kweli.

Na Al-Ghazali, katika utangulizi wa Tahafut, ameuchukua mfano huo huo wa kupatwa kwa jua. Alieleza kwamba ni mwezi unaokingama baina ya jua na mtazamaji, na kwamba mwenye kudhani kuwa kulipinga hilo ni kuitetea dini ameidhuru dini, tena kuliko anayeishambulia. Kauli hiyo inakata pande mbili. Inamkata anayeikataa sayansi iliyothibiti, na hao bado tunao, wanaoapa kwamba dunia ni bapa. Na kwa maana yake inamkata pia anayeitetea dini kwa njia isiyokuwa yake.

Kupatwa kwa jua si jambo geni kusini huku. Ule wa Mei 29, 1919, ambao Eddington aliupima kisiwani Príncipe na wenzake Sobral, Brazil, wakaona nuru ya nyota inapinda karibu na jua kama alivyokadiria Einstein, kivuli chake kilivuka bara na kupita kusini-magharibi mwa Tanganyika kabla ya kuingia Msumbiji. Ule wa Septemba 1, 2016 uliwakusanya watu wengi Rujewa, Mbarali. Na Jumatatu ya Agosti 2, 2027, inshaallah, jua litapatwa kikamilifu juu ya Jidda na Makka. Tunajua vijitabu vitaandikwa.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, baada ya swala ya kusuf imam husunniwa khutba mbili. Maimamu wengi, tulivyoona, huzijaza humo maonyo ya Kiyama peke yake, na baadhi huongeza "sayansi imethibitisha". Tunawaomba waisome hadithi ya Ibrahim yote, mpaka pale Mtume (s.a.w.) alipowarekebisha watu, na waieleze kwa Kiswahili kwa urefu, kwa kuwa vijana wa kidato cha sita watakuwa wamekaa safu za nyuma wakisikiliza.

Wallahu a'lam.